Unene wa Unywele

Nilirekebisha kosa dogo:
nafasi baada ya kistari, mwisho wa mstari,
ilizidi kwa unene wa unywele.
Miaka thelathini na moja ilizidi hivyo
na hakuna aliyelalamika
ila jicho langu.

Februari, Olomouc, theluji imekwisha geuka tope,
tramu ikipita chini ya dirisha ikitikisa vikombe.
Nikafuta tarakimu moja, nikaandika nyingine,
nikaipima aya kwa rula ya chuma juu ya kioo cha kompyuta:
mistari ilisimama kama meno ya kitana kipya.
Nikatoa toleo.
Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Mwezi wa tatu ikaja bahasha kutoka Tartu, Estonia,
stempu zimebandikwa upande.
Ndani, kurasa mbili za kamusi, mpya na ya zamani,
na maneno ya Hilja Raudsepp, mhasibu mstaafu:
*Marehemu mume wangu alikusanya maneno ya kijiji cha mama yake.
Faharasa aliipanga kwa mkono,
marejeo elfu tatu mia moja na arobaini,
maana hakuiamini mashine imhesabie kurasa.
Kila mwaka nachapa nakala sita. Wanaoziomba ni sita.
Mwaka huu, tangu ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
kila neno limehama.
Anayetafuta jembe anafikishwa kwenye homa.
Nauliza bila hasira: nani amegusa vitu vyetu?*

Nikampelekea Vlastimila barua jikoni.
Programu hii aliianza yeye, mimi sijaota meno.
"Rudisha," akasema, akimenya kitunguu, hakunitazama.
Nikasema: Ni kosa.
Akasema: Lilikuwa kosa. Sasa ni mpangaji.
Amekaa miaka thelathini, kodi analipa, watoto wanasoma mtaani.
Humtoi kwa kumwonyesha ramani ya nyumba.

Nikasema: Basi tutabeba kila ujinga hadi kiama?
Kila kipya kiombe ruhusa kwa wafu?
Akasema: Kipya kinyemi.
Hakumalizia. Kidonda aliniachia mimi.

Tuligombana siku nne.
Wouter wa Leuven akapiga simu kuniunga mkono:
vitabu vyake vya hesabu havijawahi kupendeza hivi,
nikirudi nyuma, yeye anaondoka.
Kufikia siku ya tatu tulikuwa tunagombania vyombo kwenye sinki,
na nani alimwahidi nani kwamba hakitabadilika kitu.
Ahadi hiyo nimeitafuta. Haikuandikwa popote.
Ahadi ni deni, sawa,
lakini deni hili sikulikopa mimi.

Usiku wa nne nikautazama tena ule ukurasa wa zamani.
Kando ya kila namba, alama ya penseli:
alikuwa amezihakiki, moja moja,
mkono ukizidi kutetemeka kadiri safu inavyoshuka.
Sikulia. Nilipiga hesabu.
Dakika moja kwa kila rejeo
ni saa hamsini na mbili na ushee
za mtu aliyeketi na kitabu kimoja
akiuliza kila neno: bado upo hapo nilipokuacha?

Nikaongeza mistari miwili kwenye msimbo:
kama faili ni la kabla ya mwaka huu,
kosea kama tulivyokosea.

Wouter hakuondoka. Hajanishukuru pia.
Vlastimila aliisoma mistari ile, akasema niweke nukta.

Mwezi wa tano kikaja kifurushi, nakala ya saba.
Nikatafuta jembe. Nikakuta jembe.
Kisha nikachukua rula:
ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, mstari wa saba,
baada ya kistari, unywele ule ule.

Bado ni mbaya.
Sijabadili mawazo.
Nimebadili msimbo tu.